Msasa ndio adui wa upanga wa kitemi

Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, alipoona askari wa ofisa wa Kijerumani Tom von Prince wamekwisha kuingia ngomeni mwake, aliwasha ghala la baruti akiwa humo humo ndani. Miezi mitatu baadaye, upande wa pili wa bara, Louis Archinard aliliongoza jeshi la Ufaransa kuingia Bandiagara, katika nchi ambayo leo ni Mali, na mtawala wake Ahmadou Tall akakimbia. Archinard aliondoka na upanga wa nyumba ile. Mwaka 1909 aliutoa kwa Makumbusho ya Jeshi jijini Paris, na huko ukakaa zaidi ya miaka mia moja ukiitwa upanga wa El Hadj Umar Tall, baba yake Ahmadou.

Tarehe 17 Novemba 2019, Waziri Mkuu wa Ufaransa Édouard Philippe aliukabidhi kwa Rais Macky Sall jijini Dakar. Hapo ulikuwa bado ni mkopo. Sheria ya Ufaransa ya 24 Desemba 2020 ndiyo iliyouhamishia Senegal moja kwa moja. Wajukuu wa ukoo wa Tall walikuwapo ukumbini. Lakini kabla na baada ya sherehe watu walikuwa wanabishana juu ya mambo mawili. La kwanza, ubapa wake ulifuliwa Klingenthal, kiwanda cha silaha huko Alsace, yaani Ufaransa yenyewe. La pili, Umar alikufa 1864, miaka 29 kabla ya Bandiagara kuanguka. Je, ule ulikuwa upanga wake, au wa mwanawe?

Mabishano hayo yanawahusu watu wa Tabora na Kigoma kuliko wanavyodhani. Ziko nyumba za watemi huku Unyamwezi, na za bami, yaani watawala wa Waha, kule Buha, zenye silaha za mababu zilizofungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Swali linaloulizwa kwanza huwa ni "ni wa thamani gani?" Swali hilo linafuata. La kwanza ni: nani alimkabidhi nani, na lini, na kuna alama gani kwenye chuma inayoshuhudia hivyo? Upanga wa kifalme hauwi wa kifalme kwa ubora wa chuma chake. Unakuwa hivyo kwa mikono iliyoushika mfululizo, na mfululizo huo ukikatika mahali pamoja tu, kilichobaki ni silaha nzuri ya zamani. Bahati mbaya, wenye mali ndio wanaoufuta ushahidi, kwa nia njema kabisa, wakiwa na msasa mkononi.

Tazama upanga wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore huko India. Tipu aliuawa 4 Mei 1799 mji wake wa Seringapatam ulipotekwa. Waingereza walimtunukia Jenerali David Baird upanga uliokuwa chumbani mwa Tipu, wakaandika juu ya ubapa kwamba ametunukiwa yeye. Tarehe 23 Mei 2023 upanga huo uliuzwa London kwenye mnada wa Bonhams kwa pauni milioni 14 na ushei, wakati makadirio yalikuwa hayazidi milioni 2. Ubapa ule ni kazi ya mafundi wa Kihindi walioiga mtindo wa Kijerumani. Wanunuzi hawakushindania chuma. Walishindania maandishi, na mfululizo wa wenye mali usio na pengo. Inaudhi kidogo kwamba mwizi ndiye aliyeandika vizuri, lakini ndivyo ilivyo.

Turudi nyumbani. Silaha za asili za Unyamwezi ni mkuki, upinde, rungu na shoka, na baadaye gobori. Alama za utemi zilikuwa ngoma, mikuki na kibangwa, lile duara la kombe la baharini lililovaliwa na mtawala. Upanga mrefu ulikuja na misafara ya pwani. Waomani walikuwa wameshajenga Kazeh, Tabora ya leo, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, na uhusiano wao na watemi haukuwa wa biashara peke yake. Mtemi Fundikira alimwoza binti yake Karunde kwa Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip. Kwa hiyo upanga wa Kiarabu kukutwa katika nyumba ya mtemi si ajabu. Ungeweza kuingia kama zawadi, kama hongo ya njia, kama nyara za vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu vya miaka ya 1870, au kwa kununuliwa tu sokoni kwa pembe. Njia hizi nne hazina uzito sawa. Ulionunuliwa ni mali ya mtu. Uliopokelewa kama hongo na mtemi akiwa amekaa kitini mwake ni mali ya kiti.

Na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Zamani utemi katika sehemu kubwa ya Unyamwezi ulipita kwa upande wa mama: mtoto wa dada ndiye mrithi. Baadaye, katika karne ya 19, nyumba kadhaa zikageukia watoto wa kiume wa mtemi mwenyewe. Vitu binafsi vya marehemu vilikuwa na njia yake, vifaa vya kiti vilikuwa na yake. Kisha serikali ikafuta utawala wa machifu mwaka 1963. Kiti kikaondoka, vifaa vikabaki vyumbani mwa waliokuwa wanaishi pale siku hiyo. Ndiyo maana binamu wawili wanaweza kudai upanga mmoja na wote wakawa wanasema kweli: mmoja anahesabu kwa damu ya baba, mwingine kwa kanuni iliyokuwapo kabla babu yao hajazaliwa. Baraza la ukoo linaloamua mgogoro wa namna hii bila kuuliza kwanza kama upanga ulikuwa wa kiti au wa mtu, linapiga kura juu ya jambo lisilolijua.

Sasa chuma chenyewe. Kwa kuukagua upanga unahitaji meza yenye kitambaa cha kijivu kisichong'aa, rula ya milimita, mizani ya jikoni, kalipa ya fundi, sumaku ndogo, glavu za mpira na dirisha lenye jua la asubuhi. Usipake chochote kabla ya kumaliza.

Anza na unene wa ubapa sehemu tatu: karibu na mpini, katikati, na sentimita 10 kabla ya ncha. Ubapa uliofuliwa na mhunzi au kiwanda kizuri hupungua. Utakuta milimita 5 au 6 kwenye mpini na 2 hadi 3 kuelekea ncha. Ukiona unene ule ule mwanzo hadi mwisho, jiandae kukubali kwamba umekatwa kwenye chuma bapa, na mara nyingi chuma hicho ni springi ya Land Rover. Halafu uzito. Upanga wa vita wa mkono mmoja huwa kilo 1 hivi, na ni nadra kuvuka kilo 1.3. Wa mapambo ya ukutani huwa mzito bila sababu, kwa kuwa aliyeutengeneza hakutegemea mtu auchezeshe.

Mfereji unaopita katikati ya ubapa watu huuita njia ya damu. Hauna kazi hiyo. Unapunguza uzito bila kuulegeza ubapa, basi. Lakini upime: umeanzia wapi, umeishia wapi, ni mmoja au mitatu. Mapanga manyoofu ya Oman, yale yenye mpini wa mviringo usio na kinga ya mkono, mara nyingi yana ubapa wa Ulaya, na mifereji ni moja ya njia za kutambua karakana.

Kisha tafuta mihuri. Kwa kawaida iko theluthi ya juu ya ubapa, karibu na mpini. Laza upanga sambamba na dirisha ili mwanga uuguse kwa pembe ya chini sana, uzungushe polepole, na upige picha kila baada ya sentimita 5. Mchoro wa mbwa mwitu anayekimbia ukionekana, usishangilie mapema. Alama hiyo ilianzia Passau, ikachukuliwa na Solingen, yote miji ya Ujerumani, kisha ikaigwa hadi Caucasus. Inakuambia kwamba fundi alitaka mnunuzi aamini ni chuma cha Kijerumani. Iwapo ni cha Kijerumani kweli, hilo litajulikana kwa mambo mengine: mifereji, unene, namna muhuri ulivyozama.

Kuna vitu vinavyofunga mjadala mara moja. Ubapa wenye kromu inayong'aa kama bampa haukuwapo wakati wa Isike, kwa sababu upakaji wa kromu wa kibiashara ulianza miaka ya 1920. Nikeli ni ya zamani kidogo, tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na haifungi chochote. Chuma cha stenlesi ni cha 1913 na baada. Skrubu ya nyota kwenye mpini ni ya miaka ya 1930 au zaidi. Maandishi ya Kiingereza yanayotaja nchi ya utengenezaji yanaelekeza baada ya 1887, mwaka ambao sheria ya Uingereza ilianza kulazimisha bidhaa za kigeni zitajwe asili yake. Tone la kuchomelea kwenye kinga ya mkono linaonyesha tu kwamba kinga ilitengenezwa upya. Ubapa unaweza kuwa wa miaka 200. Watu huchanganya hapa sana. Upanga ni vipande: ubapa, mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, mpini, kinga, ala. Kila kipande kina umri wake, na upanga uliotumika kweli karibu haukosi kubadilishwa mpini au ala. Upanga ambao vipande vyote vina umri mmoja na vyote ni vizima unapaswa kukutia shaka zaidi, si kidogo.

Maandishi ya Kiarabu nayo yana mtego wake. Namba 1275 ikisomwa kama mwaka wa Masihi, familia itatangaza kwamba upanga ni wa karne ya 13. Ni mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622, utapata karibu 1859. Kwa usahihi, 1275 ilianza 1858. Na hata hapo tarehe inaweza kuwa ya fundi wa fedha aliyevalisha mpini, ambaye alipokea ubapa wenye miaka 80 tayari.

Usifungue mpini ili kuona mkia. Ncha ya mkia imepondwa juu ya kifuniko ili isitoke, na kuifungua ni kuivunja. Kama mpini unacheza, uache ucheze.

Sasa msasa. Mambo huharibika hivi: sherehe inakaribia, mzee anataka upanga ung'ae, kijana anaupeleka kwa fundi. Fundi anaweka grinda. Mihuri mingi imezama sehemu ndogo ya milimita, na jiwe la grinda hula kiasi hicho kwa pumzi moja. Pili ni joto. Ukiona makali yanageuka rangi ya majani makavu, yamefika nyuzi 220 hivi. Yakigeuka bluu yanakaribia 300, na ugumu aliouweka mhunzi umeondoka. Haurudi. Ndimu na siki nazo hufanya kazi haraka mno: asidi inang'oa kutu pamoja na ngozi nyeusi iliyolinda chuma kwa miongo, na kesho yake upanga unashika kutu upya, mkali kuliko wa kwanza. Majivu na stiliwaya huacha mikwaruzo yenye mwelekeo mmoja inayoficha mikwaruzo ya kale, ile ambayo ingeonyesha kwamba upanga ulichomolewa alani maelfu ya mara au haukuchomolewa kabisa.

Kutu si ya namna moja. Ya rangi ya chungwa, ya unga, inayobaki kwenye kidole, inakula chuma sasa hivi. Ya kahawia nzito au nyeusi, laini, isiyotoka, ni ukoko uliotulia. Huo ni sehemu ya historia na uachwe. Kwa ile ya chungwa, weka tone moja la mafuta ya cherehani, subiri siku nzima, kisha sugua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na pamba. Jaribu kwanza sentimita moja katikati ya ubapa, mbali na eneo la mihuri. Inachosha. Upanga mmoja unaweza kuchukua wiki.

Baada ya hapo, paka mafuta yale yale, safu nyembamba, ufute mpaka uone kama hujapaka. Mafuta ya kupikia na samli huganda, hunata vumbi na kuoza. Tabora, nchi ya asali, kishawishi ni nta ya nyuki, na kwenye chuma kitupu haina madhara makubwa. Ila nta ina asidi kidogo ya mafuta, na ikigusa shaba au shaba nyeupe ya mpini huzaa uchafu wa kijani unaonata. Makumbusho hutumia nta ya madini kwa sababu hiyo. Mafuta ya cherehani yanatosha.

Ala ndiyo inayoua mapanga mengi kimyakimya. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina asidi na hunywa unyevu. Upanga uliokaa ndani ya ala ya namna hiyo tangu masika hadi kiangazi hutoka na madoa yaliyochimbika. Tenganisha. Ubapa ulazwe kwenye marekani iliyofuliwa mara tatu kuondoa wanga, ala ilazwe pembeni ikiwa imejazwa karatasi nyeupe isinyauke. Sanduku la mninga ni zuri, lakini mbao mbichi hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo liwe la zamani au liachwe wazi miezi kadhaa kabla ya kutumika. Vipakiti vya silika, vile vya ndani ya viatu vipya, vinasaidia kama havijashiba. Vikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 saa mbili au tatu, kama ni silika ya chembe iliyo kwenye kitambaa na si ya mfuko wa plastiki. Tabora kiangazi chake ni kikavu na huwezi kuhangaika sana kati ya Juni na Oktoba. Kigoma na Ujiji, kando ya ziwa, kagua kila mwezi. Na jasho la mkono lina chumvi: alama ya kidole gumba ya mgeni wa heshima huonekana kwenye chuma baada ya siku chache, kisha haitoki. Glavu, hata kwa mgeni wa heshima.

Baada ya chuma kuja watu. Wazee wasikilizwe mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na yaandikwe maneno yake kama alivyosema. Ukiwakalisha pamoja, mkubwa atasema na wengine watakubali, nawe utakuwa na ushahidi mmoja uliosainiwa na watu watano. Usiulize mwaka. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya reli kufika Tabora, yaani 1912. Kabla ya Wabelgiji kuingia mjini Septemba 1916. Kabla ya Uhuru. Uliza upanga ulikuwa unakaa wapi ndani ya nyumba, nani aliruhusiwa kuugusa, ulitoka siku gani. Mtu anayekumbuka kwamba uliwekwa nyuma ya ngoma kuu, na kwamba wanawake wa upande wa mama ndio waliouleta wakati wa kutawazwa, amekuambia mengi kuliko anayesema "ni wa tangu enzi."

Kisha fanya hesabu. Familia ikisema upanga ulipokelewa kutoka kwa Mwarabu zamani za Burton, na ikataja washikaji watatu tu hadi leo, hiyo ni miaka 165 hivi kwa watu watatu, kila mmoja miaka 55. Haiwezekani kirahisi. Ama kuna majina mawili yamesahaulika, ama upanga umekuja baadaye sana. Majibu yote mawili hayana aibu. Upanga uliopokelewa mwaka 1920 ukajulikana hivyo una nafasi kubwa zaidi mbele ya makumbusho yoyote kuliko wa 1857 usiothibitika.

Hili si la nadharia. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, na mazungumzo ya kurejesha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni yanaendelea. Makumbusho ya Ujerumani yanashikilia maelfu ya vitu kutoka nchi hii, vingi vikiwa na kadi inayotaja mkoa na jina la ofisa aliyevichukua, bila jina la mwenyewe. Siku kadi yenye neno Tabora itakapofunguliwa, nyumba itakayoweza kuleta picha za vitu vya aina hiyo hiyo vilivyobaki nyumbani, vipimo, na orodha ya walioshika, itasikilizwa. Isiyo navyo itaalikwa kwenye sherehe kupiga makofi.

Upande wa sheria ni mfupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavitambua vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa masalia ya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kumiliki si kosa. Kumpa dalali anayetaka "kuupeleka Nairobi ukakaguliwe" kunaweza kuwa. Dalali huyo pia ndiye anayependa kuomba picha za mihuri kwa simu. Mpe picha ya upanga mzima kutoka mita mbili, za karibu zibaki kwako, maana mwenye picha ya karibu anaweza kuchongesha muhuri ule ule kwenye upanga mwingine.

Karatasi ya makabidhiano iwe ukurasa mmoja. Juu: urefu wa ubapa kutoka mpini hadi ncha, upana, unene wa sehemu tatu, uzito, idadi ya mifereji, mihuri na mahali ilipo. Katikati: majina ya washikaji kwa mpangilio, na mbele ya kila jina aliyesema hivyo na siku aliyosema. Pengo liachwe wazi kama pengo, lisijazwe kwa kukisia. Chini: upanga ni wa kiti au wa mtu, kwa maneno ya baraza la ukoo, pamoja na majina ya waliopinga. Iandikwe kwa penseli nzito, kwa sababu wino wa kalamu za dukani hufifia na huyeyuka maji yakiingia. Nakala tatu: moja kwa mshikaji, moja kwa mkubwa wa upande wa mama, moja kwa ofisa utamaduni wa wilaya, na kila upanga unapobadili mkono nakala zote tatu zinaongezwa mstari siku hiyo hiyo.